Hatua Arobaini na Moja

Namna Ndeshi alivyofika nchi ya Unyayo haitachukua nafasi hapa. Alitoka kwao, akafika. Katikati palikuwa na vumbi, na vumbi halina mengi ya kusimulia. Linalostahili kuelezwa ni kile alichokwenda kukitafuta, maana mama wa miaka hamsini na nne, mpishi wa hospitali mwenye magoti mabovu, haachi sufuria zake bure.

Ndeshi alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika darasa la jioni lililogharamiwa na serikali, chini ya mwalimu mpole aliyeitwa Shedafa. Siku ya mwisho walipigwa picha, wakanywa soda, mwalimu akawashika mkono mmoja mmoja, kisha akafunga mlango. Basi. Tangu siku ile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza: je, kile ulichojifunza kimekufikisha wapi? Hakuwa na kinyongo. Ila kila alipopiga magoti jioni alikuwa akimpa Mungu habari zake za kusoma, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumpa. Leo nimesoma karatasi ya sumu ya mende. Leo nimesoma sura nzima bila kurudi nyuma.

Ndipo akasikia kwamba iko nchi ambayo mtu mzima hafundishwi kisha akaachwa. Anafuatwa, hata baada ya miezi sita, na watu wa serikali, mpaka ijulikane alipo. Ndeshi alilia kidogo aliposikia hayo. Kesho yake akaomba likizo.

Alipokelewa na mwalimu wa darasa la jioni la Mtaa wa Tanuri, mwanamke mrefu, mwembamba, jina lake Tegemea. Tegemea alimpa chumba, uji, na kitambaa cha kufutia miguu. Ndeshi alikishangaa kile kitambaa mpaka alipoelewa kwamba katika nchi ile mguu ndio uso wa mtu. Watu wakikutana hawakuulizana hali; walitazamana miguu, wakaambiana, "Umetoka mbali," na aliyeambiwa hivyo alitembea kwa madaha siku nzima.

"Zamani," Tegemea alimweleza, "darasa la kwanza la watu wazima lilifundisha kufyatua matofali. Waliofuzu wakapata kazi ng'ambo ya mto, hatua elfu tatu kutoka darasani. Walioshindwa wakabaki nyumbani. Wakubwa wakatazama, wakaona waliofaulu wako mbali na walioshindwa wako karibu. Wakatunga sheria."

"Hakuna aliyeuliza habari za matofali yenyewe?"

"Matofali ni kazi kuyakagua, dada. Umbali unapimika."

Sheria ilikuwa hivi. Kila mtu mzima aliyefundishwa kwa gharama ya umma, siku ya kumaliza alikanyaga bamba la udongo mbichi, na bamba hilo likachomwa na kuhifadhiwa katika Nyumba ya Nyayo. Siku ya mia na themanini, saa tisa alasiri, popote alipokuwa, alijiwa na Msoma Nyayo, mtumishi wa serikali, ambaye alihesabu hatua kutoka mlango wa darasa mpaka pale mwanafunzi alipo. Hapo mwanafunzi alikanyaga bamba la pili, ili ijulikane ni mguu uleule, na Msoma Nyayo akakata pengo moja ukingoni kwa kila hatua mia. Darasa ambalo halikupata hata mwanafunzi mmoja wa kufikisha hatua elfu kwa msimu lilinyang'anywa taa yake. Na darasa la jioni lisilo na taa, katika Unyayo kama kwingineko, si darasa.

Msoma Nyayo hakuruhusiwa kuzungumza na mwanafunzi habari za masomo, wala kuinua macho yake juu ya magoti ya mtu. Waasisi waliogopa kwamba akiona uso atamhurumia mwenye uso, na hesabu itaharibika. Kwa hiyo wasomaji wale walivaa kofia za ukingo mpana zilizofungwa chini ya kidevu, wakapita mitaani wakiwatambua majirani zao kwa vidole vya miguu.

Katika wiki ya kwanza Ndeshi alizunguka na kutazama, na alichokiona alikiandika kwenye daftari lake kwa herufi kubwa kubwa.

Aliona watu wamesimama porini, mmoja hapa, mmoja kule, kila mtu na mwavuli wake na mihogo ya kuchemsha. Alimkuta mama mmoja amepanda juu ya kichuguu.

"Dada, unafanya nini hapo juu?"

"Nafaulu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa tisa. Nilisoma ushonaji. Wakishanipima nakimbia kwenye cherehani yangu, nina gauni la bibi harusi la kesho. Nikichelewa ataolewa na khanga."

Aliona pia jinsi madarasa yalivyoandikisha wanafunzi. Mwombaji aliulizwa kwanza urefu wa miguu, kisha kama ana mzazi mgonjwa, kisha kama ana mtoto wa kunyonyesha. Waliojibu kwamba hawana mtu duniani walishangiliwa na kukalishwa mbele. Wengine waliambiwa wasubiri, na wengi walikuwa bado wanasubiri.

Katika Nyumba ya Nyayo walimwonyesha bamba moja lililovishwa shada la maua. Lilikuwa la kijana aliyejifunza kusuka vikapu, akafariki mwezi wa tano baada ya kumaliza. Baraza lilijadili kwa siku nyingi, likaamua kwamba umbali wake haupimiki, na darasa lake likapewa taa mbili. Mama yake alikuwapo siku hiyo. Mlinzi alisema huja kila mwaka. Hakuzitazama taa, aliingiza mkono wake kwenye alama ya mguu wa mwanawe, kisigino kikaja kiganjani, akatulia hivyo. Ndeshi alisimama kando akamwombea kimya kimya. Hakuandika kitu siku hiyo.

Baraza lenyewe lilikaa chini ya Mzee Lugendo, mtu mzito, mwenye heshima, aliyesoma nyayo maisha yake yote na kuziona herufi kuwa kazi ya watu wasio na miguu; hata wenzake hawakuzijua. Ndani ya Baraza mlikuwa na pande mbili. Upande wa Mstari ulitaka umbali upimwe moja kwa moja, kama kamba iliyonyooshwa. Upande wa Hatua ulitaka zihesabiwe hatua zote mtu alizotembea, pamoja na kona zake. Siku Ndeshi alipokwenda kusikiliza, walikuwa kwenye shauri la mfinyanzi mmoja aliyezunguka soko akiuza vyungu. Kwa Mstari alikuwa amefika hatua kumi na mbili. Kwa Hatua, elfu sita.

"Shauri hili lina muda gani?" Ndeshi alimuuliza jirani yake.

"Miaka kumi na saba."

"Na darasa lake?"

"Jambo lisiloamuliwa huachwa lilivyo. Wana taa yao, wanafundisha."

Hayo yote Ndeshi aliyapokea kama mgeni anavyopokea chakula asichokizoea. Aliheshimu nia yao. Watu hawa angalau walikuja kubisha hodi. Lakini kabla wiki haijaisha jambo lilifika nyumbani kwa mwenyeji wake, na hapo hakuweza tena kuwa mtazamaji.

Darasa la Tegemea lilikuwa la watu kumi na mmoja, wazee kwa wengi wao, wenye wajukuu na vibanda vya kuuza dagaa. Kumi walikwisha kupimwa, na aliyefika mbali kuliko wote alikuwa na hatua mia tano na kumi, tena kwa sababu siku hiyo alikuwa anamfukuza bata. Alibaki mmoja tu, aliyechelewa kumaliza: Mzee Kalimba, wa miaka sitini na saba. Siku yake ya mia na themanini ilikuwa kesho. Na nyumba yake ilikuwa hatua arobaini na moja kutoka mlango wa darasa.

Jioni ile mtaa ulikwenda kwake. Tegemea alikwenda, Ndeshi akafuata, na mbele yao alikwenda muuza mkaa aliyeitwa Bi Mashavu, ambaye alikuwa amengoja nafasi katika darasa lile kwa miaka mitatu na alikuwa ameahidiwa kiti cha msimu ujao. Walimkuta mzee ameketi mlangoni anamenya ndizi.

"Mzee Kalimba," Bi Mashavu alianza bila salamu, "hatua elfu tu. Mpaka darajani. Unakwenda, unasimama, unapimwa, unarudi. Hata mbuzi wangu anafika darajani kila siku bila kubembelezwa."

"Mbuzi wako hana mke mgonjwa."

"Nitakaa naye mimi!"

"Saa tisa ndiyo saa ya dawa, Mashavu."

"Nitampa mimi hiyo dawa."

Mzee aliingia ndani, akarudi na chupa mbili za kahawia, kimo kimoja, kifuniko kimoja. Akazisimamisha kizingitini. "Ipi?"

Bi Mashavu alizitazama. Akazigeuza moja moja, akazirudisha kizingitini. Ndeshi aliiona aibu ile ambayo yeye mwenyewe aliibeba miaka hamsini.

"Hii ni ya kunywa," Mzee Kalimba alisema, kwa upole sasa. "Na hii ni ya kuchua miguu, ikinywewa ni sumu. Niliwahi kukosea. Kidogo tu, lakini alilala siku mbili, na mimi nikakaa pembeni yake siku mbili, nikisema ameshakufa huyu, nimemuua. Ndiyo maana nilikwenda kwa Mwalimu Tegemea nikiwa na mvi. Sikwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mto."

Tegemea asingeweza kukaa na mgonjwa saa ile. Sheria ilimtaka mwalimu asimame mlangoni mwa darasa wakati wa kuhesabu. Basi Ndeshi akasema, "Baba, mimi najua kusoma. Nitakaa na mama. Wewe nenda darajani."

Wote wakageuka kumtazama. Bi Mashavu akapiga makofi. Mzee Kalimba aliacha kumenya, akafikiri, na kila mtu aliona kwamba anafikiri kweli.

"Ahsante, mama," alisema mwishowe. "Najua ungemtunza. Lakini nikienda kusimama darajani, nitakuwa nimesema kwamba nilijifunza ili nikasimame darajani. Na si kweli. Mimi nilijifunza ili nikae hapa."

"Na mimi?" Bi Mashavu alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nitajifunza lini, mzee? Ukikaa hapa taa inakwenda. Nitaendelea kuuza mkaa huku watu wananipa karatasi nazishika juu chini?"

Mzee Kalimba aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye sinia la ndizi, lakini hakusema kwamba atakwenda. Tegemea alimgusa bega. "Tusimsukume tena," alisema. "Nilimfundisha mimi. Kama taa ikienda, imekwenda."

Ndeshi alipopiga magoti jioni hiyo hakujua aombe nini. Akiomba mzee aende, anaomba uongo. Akiomba akae, anaizima taa ya Bi Mashavu. "Bwana," akasema, "mimi leo sina ombi. Nakuletea watu tu. Waangalie." Akataja majina yao, akalala.

Kesho yake saa tisa kasorobo Msoma Nyayo alifika. Jina lake Chegere, na alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo. Alibeba bamba la zamani begani na bamba bichi ndani ya gunia lenye maji. Kofia yake ilimfunika mpaka puani. Alisimama mlangoni mwa darasa, miguuni pa Tegemea, akaanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Mtaa wote ulimfuata kwa ukimya, kama watu wanaosindikiza jeneza. Arobaini na moja ilimwangukia kwenye kizingiti cha Mzee Kalimba.

"Hodi," alisema. Hilo neno aliruhusiwa.

"Karibu ndani," ilijibu sauti ya mwanamke.

Aliingia, na Ndeshi aliyekuwa amekaa karibu na mtungi aliona kilichotokea. Bi Nyamizi, mke wa Mzee Kalimba, alikuwa na mwaka wa nne hatembei. Kitanda kilikuwa juu mno kwa mzee kumnyanyua, kwa hiyo walitandika godoro sakafuni. Chegere alitembeza macho yake chini kama sheria ilivyomwagiza, akitafuta miguu, na pale chini, chini kabisa ya magoti ya kila mtu, akakutana na uso.

Alisimama kama aliyemwagiwa maji. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kuona uso wa mtu katika nyumba aliyokwenda kupima. Uso ule ulikuwa mwembamba, wenye mikunjo mingi ya kucheka, na ulikuwa unamtazama.

"Mwanangu," Bi Nyamizi alisema, "umekula?"

Sheria ilikataza kuzungumza masomo. Habari za chakula haikuzitaja. "Sijala, mama," Chegere alijibu.

"Kalimba, mpe ndizi. Keti, mwanangu, usile umesimama."

Chegere akaketi. Na alipoketi chini, mkekani, nyuso zote za chumba kile zikawa mbele yake bila yeye kuinua macho. Hakuna aliyevunja sheria. Alikula ndizi mbili, akitazama huku na huku kama mgeni mjini.

Saa ya dawa ikafika. Mzee Kalimba alichukua chupa, akavaa miwani yake yenye mkono mmoja na uzi, akaweka kidole kwenye karatasi. "Ya... kunywa," alisoma. "Kijiko... kimoja... kwa siku... baada ya... chakula." Kisha akarudia tena toka mwanzo, kama alivyofanya kila siku, kwa kuwa mara moja haikumtosha. Ndipo akamimina. Mkono wake ulikuwa umetulia. Bi Nyamizi alifungua kinywa, akameza, akafuta midomo kwa upindo wa khanga.

"Wewe unasoma nyayo," alimwambia Chegere. "Zangu zinasemaje?"

Chegere alizitazama. Zilikuwa laini, hazina ufa hata mmoja. "Zinasema hujatembea, mama. Muda mrefu."

"Kweli. Sijafika hata hapo mlangoni. Lakini nikwambie kitu. Zamani nilikuwa naiogopa saa tisa. Jua likifika pale ukutani, moyo unaanza kwenda mbio. Najua mume wangu ananipenda. Na najua anaweza kuniua kwa mkono huohuo, bila kujua. Namtazama anachukua chupa, na yeye ananitazama, wote tunaogopa, hatusemi. Nafumba macho nasali, nameza." Alivuta pumzi. "Sasa jua likifika pale ukutani, mimi nalala tu nangoja kijiko changu."

Huko nje mtaa ulikuwa umebanana dirishani. Bi Mashavu alikuwa mbele ya wote, uso wake umeegemea nondo, na Ndeshi aliona kwamba hakuwa na hasira tena. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikia habari ya mahali anakotaka kwenda.

Chegere alilitoa bamba bichi. Mzee Kalimba akalikanyaga. Ukingo ulibaki mzima, maana pengo hukatwa kwa hatua mia, na hapa palikuwa na arobaini na moja. Kwa kawaida Chegere angefunga gunia lake na kuondoka. Badala yake alilipakata lile bamba magotini, kisu mkononi.

"Mama," alimwambia Bi Nyamizi, na sauti yake ilikuwa ya kuomba radhi, "hayo uliyosema sina alama yake. Sikufundishwa."

"Mume wangu anazo alama."

Mzee Kalimba alitafuta kijiti. Alikaa karibu na Msoma Nyayo, bega kwa bega, akaandika pembeni ya unyayo wake mwenyewe, polepole, ulimi umetoka kidogo kama mtoto. Sheria ilisema chochote kilichomo kwenye bamba kabla ya kuchomwa kitachomwa pamoja nalo, na kitasomwa mbele ya Baraza. Waasisi walikuwa wakifikiria mapengo. Lakini hawakusema mapengo, walisema chochote.

Siku tatu baadaye Baraza lilikaa. Mabamba ya mwezi yaliletwa kutoka tanurini, bado yana joto, na Mzee Lugendo akayapitishia vidole ukingoni moja baada ya jingine. Elfu mbili. Elfu saba. Mia nne. Alipofika kwenye bamba la Mzee Kalimba alizungusha vidole mara mbili.

"Hakuna pengo," alisema. "Taa ya Mtaa wa Tanuri iletwe." Kisha akasita. "Na huku pembeni ni nyayo za ndege gani?"

Wakubwa wakasogea. Upande wa Mstari ulisema ni kuku amepita juu ya udongo, na bamba lifutwe. Upande wa Hatua ulisema, kama ni kuku, alipiga hatua, nazo ni kumi na nane, ziongezwe kwenye arobaini na moja. Mmoja akauliza kama yule kuku alifundishwa kwa gharama ya umma. Chegere alisimama ukutani, kofia mkononi, amekatazwa kusema. Tegemea alikuwa mlangoni na taa ya darasa mikononi, ameipangusa mpaka inang'aa, tayari kuikabidhi; yeye pia hakuruhusiwa kusema, kwa kuwa shauri lilimhusu.

Ndeshi alikuwa kwenye benchi la wageni. Alikuwa hajawahi kusoma mbele ya watu. Nyumbani alisoma jikoni na chumbani, na mara mbili kanisani walipomwomba asome somo la siku alisingizia mafua. Sasa akasema moyoni, Bwana, nishike, akainuka.

"Waheshimiwa, hayo ni maandishi."

Walimtazama miguu, wakaona ni ya mbali sana, wakampisha.

Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Udongo ulikuwa na joto kama mkate. "Ha," alisoma. "Hao... hao..." Mtu alikohoa. Alirudi mwanzo, kama Mzee Kalimba alivyorudi, na safari hii yalitoka yote:

"Haogopi tena saa tisa."

Wakubwa wakainamia bamba.

"Nani haogopi?" aliuliza Mzee Lugendo.

"Mkewe, mheshimiwa. Ni mgonjwa, hatembei. Alikuwa anaogopa kupewa dawa isiyo yake. Mzee amejifunza kusoma, sasa haogopi."

"Mkewe alifundishwa na serikali?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi kwa nini yuko kwenye bamba letu?"

Ndeshi hakuwa na elimu ya kubishana na Baraza. Alisema alichokijua. "Kwa sababu ndiko masomo ya mzee yalikofika. Nyinyi mnawafuata watu mpaka mjue masomo yao yamefika wapi. Nimetoka mbali kuja kuliona jambo hilo, maana kwetu hakuna anayefuata. Ni jambo zuri sana. Lakini haya hayakupita kwenye miguu."

Basi ukaanza mjadala ambao, walisema, haujapata kutokea. Kutoka kuogopa mpaka kutoogopa ni hatua ngapi? Upande wa Mstari ulitaka kupima kutoka godoro mpaka chupa: hatua mbili. Upande wa Hatua ulidai zihesabiwe saa tisa zote za miaka yote minne. Walipandishiana sauti mpaka mjumbe mmoja mzee wa nyuma kabisa, ambaye watu walidhani amelala, aliinua mkono.

"Huyo mama alikuwa anaogopa kiasi gani?"

Hakuna aliyejua. Wakamgeukia Chegere.

"Hatukumuuliza," Chegere alisema. Kisha akajisahihisha: "Hatujawahi kumuuliza mtu yeyote."

Mzee Lugendo aliliweka lile bamba mapajani. Alipitisha kidole chake kizito juu ya zile herufi, ya kwanza mpaka ya mwisho, kama anayesoma. "Nenda ukamuulize," alisema. "Na waliobaki, uwaulize. Shauri hili halijaamuliwa."

Tegemea, pale mlangoni, aliibana taa kifuani. Jambo lisiloamuliwa huachwa lilivyo.

Mpaka Ndeshi anaondoka Unyayo, lilikuwa bado halijaamuliwa. Sheria ilikuwa ileile, na porini watu walikuwa bado wamesimama na miavuli yao. Lakini jioni yake ya mwisho alipita darasani akamkuta Bi Mashavu ameketi mbele kabisa, vidole vyake vyeusi kwa mkaa vimekamata chaki kama anayekamata mjusi, anaandika M, anaifuta, anaiandika tena, huku akimgombeza jirani yake asimtikisie benchi. Na njiani alikutana na Chegere akitoka nyumba moja kwenda nyingine, kofia imesukumwa nyuma, paji la uso halijazoea jua. Hakujua bado namna ya kuuliza. Hakuna aliyemfundisha. Kwa hiyo kila nyumba aliyoingia aliketi kwanza chini, akaanza na swali la pekee alilowahi kulisikia likiulizwa vizuri.

"Umekula?" aliwauliza. Mengine yalifuata yenyewe.

Ndeshi alirudi kwao, akarudi kwenye sufuria zake. Jumamosi ya kwanza alipika wali na maharage ya nazi, akaufunga mzigo kwenye kitambaa, akauliza njia mpaka akaipata nyumba ya Mwalimu Shedafa. Mwalimu alikuwa amestaafu, mgongo umepinda, amekaa kwenye kigoda cha chini anachambua mchele. Alimtazama, hakumkumbuka; alikuwa amefundisha wengi, na hakuna aliyerudi.

"Shikamoo, mwalimu. Ni Ndeshi. Nilikaa benchi la tatu, karibu na dirisha lililovunjika."

"Marahaba. Benchi la tatu..." Alijaribu. "Una shida, mwanangu?"

"Sina shida." Ndeshi aliketi chini, magoti yake yakilalamika, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mwalimu. Akafungua kitambaa. "Nimekuja kukupa habari zangu. Lakini kwanza, mwalimu, umekula?"